Shati la Ijumaa

Jumatatu Bi Mwanamisi kaniletea shati,
limekunjwa ndani ya kanga, kanga ndani ya mfuko wa sukari.
"Lipunguze," kasema. "Maweni wamempunguza."
Hakutaja jina. Barabara ya Kumi na Mbili nzima inalijua.

Nikauliza kipimo.
Akafumba macho, akamkumbatia mtu asiyekuwepo,
akabaki vile vile, mikono duara.
"Hapa. Mikono inakutana hapa."
Nikazungusha futi ndani ya mikono ya mama:
inchi thelathini na nne.
Mwaka juzi, kwenye daftari langu, Nyange alikuwa arobaini.

Hukumu ni Ijumaa. Jaji kasema, kafunga jalada,
ila mji haukufunga mdomo.
Anayeleta suruali itiwe zipu analeta na hukumu yake.
Mzee Chambo, mstaafu wa reli, keshamnyonga mara tatu
kabla kahawa haijapoa.
Mwalimu Shekolowa hamnyongi, lakini anauliza:
kama si yeye, nani?
Kana kwamba swali likikosa mtu, mtu yeyote atafaa.
Binti wa duka la dawa aliyaona macho yake kizimbani,
macho ya muuaji, anasema, hayafichiki.
Nikamwuliza ameshayaona mangapi.
Akachukua gauni lake, halijapigwa pasi, akaondoka.

Kesi yote imepanda baiskeli.
Shahidi wa tatu kaapa: saa nane za usiku,
nyuma ya ghala la katani,
kaona baiskeli ya kijani, tandiko limeviringishwa mpira,
na alfajiri Shemboko mlinzi akakutwa chini,
kurunzi yake bado inawaka.
Tanga hii! Baiskeli!
Hesabu zilizopita hapa tangu nianze kusema.
Na yangu ni ya kijani.
Tandiko nililiviringisha mpira kwa mikono hii.
Tangu shahidi ashuke kizimbani naja kazini kwa miguu,
nawaambia watu daktari kanishauri.

Jumatano akaja mjane wa Shemboko,
sketi ya shule ya bintiye, pindo lishushwe, mtoto anakua.
Akaliona shati chini ya sindano.
"La nani?"
Nikasimamisha cherehani. Nikaitazama miguu yangu.
Akaigusa kola, akaigeuza, akatazama mishono
kama anayekagua mchele.
"Lishone vizuri," kasema. "Mimi sijui."
Kisha, akiwa mlangoni, hakugeuka:
"Wote mnajua. Mimi ndiye niliyelala naye miaka kumi na tisa,
na sijui."

Usiku ule sikukata kitambaa.
Nimekunja kwa ndani, inchi sita, tatu kila ubavu,
mishono mirefu, mlegevu,
ya kufumuka kwa mvuto mmoja wa uzi.
Bi Mwanamisi alipokuja akapapasa, akaukuta unene,
hakuuliza. Akafungua fundo la kanga atoe pesa.
Nikamwambia, "Hilo deni la Nyange. Aje alipe mwenyewe."
Akalifunga fundo tena, polepole,
kwa meno.

Leo Ijumaa. Mtaa umehamia mahakamani,
hata Mzee Chambo kavaa koti la kazini lenye vifungo vya shaba.
Nimeondoa shuka nyuma ya kabati.
Nimejaza upepo, nimefuta vumbi,
mpira wa tandiko nimeuacha ulivyo.
Nimepita Barabara ya Kumi na Mbili, ya Saba, ya Tatu,
na kila kona watu walilitazama tandiko
kabla ya kunitazama mimi. Mmoja hakuitika salamu.

Pale ukutani zimeegeshwa baiskeli nyingi.
Za kijani nimehesabu sita, pamoja na yangu.
Karandinga limeingia. Kwa dirisha la nondo
nimeona ukosi mweupe, basi, na shingo ndani yake.
Mama kainua mikono, kaikutanisha.

Ndani mtu kapaza sauti: "Kortiii!"
Tukasimama wote,
hata sisi wa nje.